Mashine Usiiuze kwa Maneno ya Watu

Mwanangu mpenzi,

Marahaba, baba. Kabla hujakaa kusoma, fungua kwanza hilo kopo lililofungwa pamoja na barua hii. Ndani mna majani matatu ya maua yangu niliyoyaviringisha kwenye pamba yenye unyevu. Konda ameniahidi kuwa kifurushi kitafika Dodoma leo usiku, lakini kutoka Muheza mpaka huko, kupitia Segera, Chalinze na Morogoro, ni mwendo mrefu, na jani likikaa kwenye joto hulegea. Yatoe, yaweke kivulini, vikonyo vyake uvitie kwenye kikombe chenye maji kidogo. Halafu rudi usome. Namna ya kuyapanda nimeiandika mwishoni.

Naandika kwa sababu ya simu yako ya Jumapili. Ulinisimulia mengi nikafurahi kukusikiliza: jenereta ya jirani inayonguruma dirishani kwako, lile gemu lililotaka kupakuliwa upya likamaliza bando lako la mwezi mzima kwa usiku mmoja, na umeme uliokatika dakika ya 87 ukiwa unaongoza mabao mawili kwa moja. Nami nikakueleza habari za kuku wa jirani waliofukua kitalu changu kwa mara ya tatu. Tulikuwa tunapokezana kero kama watu wanaomenya karanga. Kisha ukasema, kwa sauti ya mtu anayeagiza chumvi dukani, kwamba mashine yako ya gemu umeshaipatia mteja na mwisho wa mwezi anakuja kuichukua.

Nikakuuliza kama umeishiwa. Ukasema hapana, mama, hela ipo. Ukasema mjomba wako alipopita kwako baada ya kile kikao cha posa aliikuta chini ya televisheni, akasema mwanaume anayekwenda kuoa haonekani ameshika pedi ya gemu. Na kazini kuna mwenzako aliyekuuliza mbele za watu, "Hiyo kitu inakuingizia nini?" Ukakosa jibu. Hapo ukanyamaza, nami nikanyamaza, na salio langu likaisha tukiwa tumenyamaza hivyo hivyo. Tangu siku hiyo sijalala vizuri, kwa kuwa swali hilo nalijua. Niliulizwa mimi kabla yako.

Unayakumbuka maua yangu ya mwambani. Ulikuwa unayasogeza kwa mguu ukitaka kupita na baiskeli. Nilipewa jani la kwanza na mwalimu mwenzangu aliyekuwa na bibi yake kule Amani, siku ambayo mimi na yeye tulikuwa tunasahihisha mitihani ya darasa la nne. Alilitoa kwenye pochi kama mtu anayetoa pipi. Nililipanda kwenye kopo la maziwa ya unga bila kutarajia lolote. Wiki zikapita, nikalisahau, na siku moja nikakuta vijani viwili vidogo kama masikio ya panya vimechomoza pembeni yake. Nilimwita baba yako aje aone. Alikuja, akainama, akatazama kimya kwa muda mrefu, akasema, "Basi limekubali." Hakuniuliza litazaa nini.

Na maua haya ni ya kwetu. Kwa asili yanaota kwenye miamba yenye kivuli na unyevu, huko Usambara na kwenye milima mingine ya mashariki mwa nchi yetu. Mjerumani aliyekuwa mtawala hapa Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, ndiye aliyeyapeleka kwao, na mwaka 1893 mtaalamu wa mimea wa Hannover, Hermann Wendland, akayapa jina la kisayansi, Saintpaulia, kwa heshima ya huyo aliyeyapeleka. Tangu hapo yamekaa kwenye madirisha ya watu dunia nzima. Dada yako alinisomea kwenye simu kwamba Marekani wana chama chao cha wapenzi wa ua hili tangu mwaka 1946, na wanashindana nani ua lake limejaa vizuri zaidi. Watu wazima, wana kazi zao na wajukuu wao, wanasafiri na ua mapajani kwenda kulionyesha. Huku yalikotoka, ukiwa nalo dirishani wanakuuliza kwa nini usipande mchicha.

Nami mchicha naupanda, unajua. Bamia ziko nyuma ya choo, matembele yako kando ya bomba, nyanya nilizipanda mpaka yule mdudu kantangaze alipozimaliza nikaacha. Hizo ni za chungu. Zikivamiwa na wadudu naumia mfukoni. Maua yakivamiwa na vidung'ata naumia pengine, mahali nisipoweza kukuonyesha kwa kidole, nakaa kitako na kijiti cha pamba na spiriti namfuta mmoja mmoja mpaka mgongo unauma. Nikiinuka nimepona kitu.

Sasa nikueleze jambo ambalo sikukueleza wakati ule, kwa kuwa ulikuwa chuoni na sikutaka kukupa mawazo. Mwaka niliostaafu, wenzangu wa kikoba walinijia juu na maneno ya fursa. Kila semina ni fursa, kila mtu amesikia kwamba kipaji kisichouzwa ni kipaji kilichopotea. Wakasema mwalimu una dhahabu barazani, wewe unaimwagilia tu. Nikashawishika. Nikaanza kuzalisha kwa wingi, kopo shilingi elfu tano. Nilikuwa na makopo zaidi ya 60, mengine nimeyapanga chini ya kitanda chako.

Mwanzo niliona raha. Watu walikuja, walisifia, hela niliiona. Kisha ikaja kamati ya harusi moja ikataka makopo 40 ya kuweka mezani, yote ya rangi ya waridi, wakati yangu mengi ni ya zambarau. Ua halibadilishi rangi kwa sababu kamati imeamua. Nikahangaika, nikakusanya majani kwa watu, nikayalea miezi, nikamaliza oda. Siku ya shughuli waliyaweka juani tangu saa nne asubuhi wakisubiri ukumbi ufunguliwe. Jua la mchana kwa ua hili ni moto. Yaliyorudi kwangu yalikuwa na majani yameungua kama yamepitishwa pasi, na nusu ya fedha mpaka leo sijaiona. Lakini hilo silo lililonikomesha.

Lililonikomesha lilitokea asubuhi moja baadaye. Kulikuwa na mche mmoja uliokaa miezi mingi sana bila kuchanua, nikiusemesha kila siku. Asubuhi hiyo nikautazama, umechanua. Na wazo la kwanza lililonijia, kabla hata sijaiona rangi yake, lilikuwa: elfu tano. Nilisimama pale na birika mkononi, nikaona nimeibiwa, na mwizi ni mimi mwenyewe. Nilikuwa nimeyageuza maua kuwa madeni. Nikiamka nawaza nani hajalipa, nikimwagilia nahesabu. Wiki ile ile niligawa makopo yote isipokuwa tisa. Wenzangu wa kikoba walinishangaa, na mmoja aliacha kunisalimia kwa muda, akidhani nimepata mtaji mwingine nawaficha.

Tisa hayo ndiyo ninayo mpaka leo. Hakuna linalouzwa. Anayetaka nampa jani.

Nimemfikiria sana baba yako wiki hii, Mungu amrehemu. Alicheza bao tangu kabla hajanioa. Kila siku baada ya alasiri utamkuta kwenye baraza la fundi cherehani, mashimo 32 mbele yake, kete 64 za komwe zimelainika kwa kushikwa na mikono ya watu ambao wengine wameshakufa. Kifuko cha kete nilimshonea mimi kwa kipande cha kanga. Alikuwa mzito wa kunamua, ile hatua ya kwanza ya kuingiza kete moja moja, anashika kete hewani wenzake wanalalamika, na akishafika kwenye mtaji, hatua ya pili kete zikiwa zimeshaingia zote, mkono wake unakwenda mbio mpaka huoni ametoka shimo gani. Siku akimmaliza mtu mstari wa mbele na kupiga kelele "Hamna!", sauti yake naisikia mpaka jikoni, nami najua leo atakula vizuri.

Miaka yote ile sikumsikia mtu yeyote akimwuliza bao linamwingizia nini. Mjomba wako huyo huyo alikuwa akiketi pale pembeni akingoja zamu. Mtu akija nyumbani kumuulizia nasema, "Mzee yuko barazani," naye anaelewa, na anamfuata huko huko. Mimi kero yangu ilikuwa moja tu, ugali kupoa, na niliisema kila siku.

Kwa hiyo naomba uniambie tofauti. Mtu anakaa, anafikiri, anapanga, anamvizia mwenzake, anafungwa, anacheka, anataka marudiano. Kwa baba yako ni mti umechongwa, kwako ni kioo. Mimi nimeitafuta tofauti wiki nzima sijaipata, na nadhani hata mjomba wako akikaa chini aitafute kwa haki hataipata. Anachokiona ni kwamba kitu chako ni kipya na yeye hakujua kukicheza.

Lakini siwezi kumsema mjomba wako nikajiacha mimi. Ulikuwa kidato cha pili. Nilikupa hela ya twisheni, na mwalimu wa twisheni akanipigia kuniuliza kama unaumwa. Nikaambiwa nikutafute kwenye kibanda cha gemu nyuma ya soko. Nilikwenda na hasira zangu zote. Mle ndani palikuwa na joto na giza, televisheni tatu za chogo, wavulana wamebanana kwenye benchi, mechi shilingi mia mbili. Nikakushika sikio mbele ya wote nikakutoa nje, nikakusema njia nzima mpaka nyumbani, na watu wa sokoni wakisikia. Kuhusu hela nilikuwa na haki. Ilikuwa hela ya twisheni na uliidanganyia, na hilo hata leo ningekuadhibu. Ila sikuishia kwenye hela. Nilikuambia kwamba wewe ni mtoto unayependa upuuzi. Nililisema hilo neno mara nyingi, na niliuona uso wako unavyofunga.

Kisha mwezi uliopita nilikuwa natoa vitu kwenye kabati lako ili nipake rangi, nikakuta kaunta buku. Nilidhani ni hesabu za shule. Kumbe ni ligi. Wavulana wanane, kila mmoja na timu yake, mistari imepigwa kwa rula, mechi zilizochezwa, kushinda, sare, kufungwa, mabao ya kufunga, mabao ya kufungwa, pointi. Kurasa kumi na moja. Pembeni umeandika kwa kalamu nyekundu nani amekata rufaa na kwa nini. Na ukurasa wa mwisho kuna mmoja wenu aliyekosa hela ya mechi, mkachangishana shilingi hamsini hamsini ili ligi isimwache.

Wewe leo ni mhasibu. Ningeweza kuwaambia watu kuwa kaunta buku lile ndilo lililokufanya mhasibu, na wangenyamaza wote, mjomba wako wa kwanza. Sitawaambia. Pengine ni kweli, pengine si kweli, lakini nikisema hivyo nitakuwa nimekubali kwamba kila kitu lazima kilete cheti au mshahara ndipo kiruhusiwe kuwepo. Wale watoto wanane hawakuwa wanasomea uhasibu. Walikuwa wanacheza, na walikuwa wanafurahi, na mimi niliingia nikamtoa mmoja kwa sikio. Nisamehe, baba. Nilimwachia baba yako bao lake kwa kuwa alikuwa mtu mzima, nikakunyima wewe lako kwa kuwa ulikuwa mtoto, na sasa umekuwa mtu mzima wanataka kukunyima kwa kuwa ni mtu mzima.

Sisemi ucheze mpaka alfajiri. Nakujua, ukishika kitu hukiachi, na macho yako yalikuwa mekundu uliponipigia kwa video mwezi wa Ramadhani. Lala. Kula kabla ya kucheza, usile huku unacheza. Na ukishaoa, kuna saa ambazo si zako tena peke yako, hizo usizibishanie. Ila kuna mtu mmoja ambaye katika maneno yote uliyonisimulia sikumsikia akiongea, naye ni huyo binti mwenyewe. Mjomba amesema, mwenzako wa kazini amesema, wewe umeshaita mteja. Yeye je? Umemwuliza? Labda inamkera kweli, basi mtazungumza saa na siku kama watu wanaojenga nyumba. Labda ana kwake jambo analolipenda na analificha kwa hofu hiyo hiyo, anasuka kitu, anaimba, anakusanya vitu, nawe hujui. Anza kumwuliza hilo.

Kama una shida ya fedha za mahari, niambie waziwazi. Hapo kuuza ni kuuza tu, hata mimi nitakuambia uza, utanunua nyingine Mungu akijalia. Ninalolikataa ni kuuza kwa aibu. Kitu kilichouzwa kwa aibu hela yake haina baraka mkononi, nimeiona kwa macho yangu kwa jirani yetu aliyeuza zumari la babu yake kwa sababu ya kuchekwa. Mpaka leo akisikia ngoma inapita huingia ndani.

Kuhusu mwenzako wa kazini, akikuuliza tena inakuingizia nini, mjibu, "Hainiingizii kitu, naipenda." Sema kwa utulivu, usicheke ili kujitetea. Mimi nilijifunza kulisema hilo nikiwa na miaka 61, na mara ya kwanza sauti ilitetemeka.

Sasa majani. Kata ncha ya kikonyo mshazari kwa wembe safi, ubakize urefu kama wa kifundo cha kidole gumba. Changanya mboji na mchanga, nusu kwa nusu, uwe udongo mwepesi usioshikamana. Kopo ulitoboe chini. Chomeka kikonyo tu, jani lenyewe libaki juu. Huko kwenu ni kukavu kuliko huku, kwa hiyo lifunike na nusu ya chupa ya maji uliyoikata, uwe unaifunua kidogo kila siku lipate hewa. Liweke penye mwanga lakini jua lisiligonge, dirisha lako la jikoni litafaa. Mizizi itachukua kama mwezi. Vijani vichanga vinaweza kuchukua miezi miwili, mitatu, na katikati hapo utadhani limekufa. Usilichomoe kutazama. Wewe una tabia hiyo tangu udogo, ulinifukulia maharage yangu yote kuona kama yameota.

Nimekupa matatu ili moja likikataa usivunjike moyo. Moja mpe huyo binti, kama atapenda.

Ukija Idi, inshallah, njoo na mashine na pedi zote mbili. Televisheni ya sebuleni fundi ameipitia, tundu la waya wako lipo nyuma upande wa kushoto. Mjomba wako nimeshamwambia atakuwepo chakula cha mchana. Nataka umkalishe umfundishe pole pole, kama baba yako alivyomfundisha yeye kunamua, na akifungwa usimcheke. Na mimi nataka nione unavyocheza. Miaka yote hii sijawahi kukaa nikatazama mechi yako moja mpaka mwisho.

Bodaboda amefika kuchukua kifurushi, ananingoja getini. Dada yako anakusalimu. Kuku wa jirani wapo tena kwenye kitalu, ngoja nitoke.

Maji weka kwenye sahani chini ya kopo, jani litayanywa kutoka chini. Usilimwagie juu, linapata madoa.

Mama yako